Mnusaji wa Unga

Gari la unga lilifika kwenye kiwanda cha mikate kila Jumanne saa tatu asubuhi, na hakuna gunia lililoshushwa kabla Mama Pua hajatokea uani. Sheria hiyo haikuandikwa popote. Mama Pua alinyoosha kidole kuonyesha gunia, si la juu wala la mbele, na mpakuaji akakata uzi. Mama Pua akachota unga kwa vidole vitatu, akauweka katikati ya kiganja, akaupulizia pumzi ya joto mara moja, kisha akauinua karibu na pua na kuvuta hewa taratibu, macho amefumba. Pumzi ya joto huiamsha harufu ya unga. Alifundishwa hivyo na mwoka mikate aliyemtangulia pale mezani.

Akiinamisha kichwa, magunia yanashuka. Akikung'uta kiganja bila kusema neno, gari linarudi lilikotoka. Kwa miaka ishirini na mitatu alirudisha magari kumi na moja, na hakukosea hata moja: huu umelala penye unyevu, ule umechanganywa na wa msimu uliopita, ule mwingine umesafirishwa ubavuni mwa sabuni.

Jina la Mama Pua alipewa na mwenzake wa mezani, bwana mmoja mcheshi ambaye kila mwanamke kwake alikuwa shemeji, hadi kiwanda kizima kikamwita yeye mwenyewe Shemeji.

"Bosi, mashine ya kupimia unga ya nini?" Shemeji alizoea kumwambia msimamizi. "Sisi tuna pua inayokula, inayokunywa chai, na inayogomba. Mashine itakugombeza lini?"

Jambo ambalo hawakulijua, Shemeji wala msimamizi wala hata binti yake wa kumzaa, ni kwamba kwa miaka minne ya mwisho pua ile ilikuwa haisikii kitu.

Ilianza kama mafua. Pale kiwandani mafua ya unga hayakuhesabiwa ugonjwa. Watu walipiga chafya kumi kumi wakati wa kukung'uta magunia, macho yakawasha, kamasi likatiririka jepesi kama maji, na asiyekuwa nayo alionekana mgeni wa kazi. Kisha pua ya Mama Pua ikaziba kabisa. Akaendelea kuinua kiganja na kufumba macho, lakini sasa alikuwa akiamua kwa vidole, kwa namna unga ulivyoteleza au kushikana. Aliona haya kusema. Mtu anayeitwa kwa pua yake ataanzia wapi kutangaza kwamba imekufa?

Baada ya pua kikafuata kifua. Kikohozi cha alasiri, kisha sauti nyembamba ya filimbi kila alipopanda ngazi za nyumbani, kisha mito mitatu kitandani badala ya mmoja. Siku za mapumziko alipata nafuu, naye akajiambia kuwa ni uchovu tu, mwili si chuma. Duka la dawa lilimpa pampu ya bluu, ya kuvuta dawa kwa mdomo. Wenzake wawili walikuwa nazo tayari, na walizibeba mfukoni mwa aproni kama karani anavyobeba kalamu. Kila alfajiri, kabla ya kuwasha mashine ya kukandia, wote watatu walivuta pampu zao ili vifua vifunguke mapema, kisha wakaingia kwenye vumbi la unga na vifua vilivyo wazi. Walifanya hivyo kwa miaka na kuona ni busara.

Jumanne moja, baada ya kulikubali gari kwa vidole vyake, aliinama kumwaga gunia kwenye bakuli la mashine. Wingu likapanda usoni kama siku zote. Madirisha yalikuwa yamefungwa, kwa sababu upepo hukausha ngozi ya donge la unga uliokandwa. Akavuta hewa, ikaingia. Akataka kuitoa, ikagoma. Akavuta nyingine juu ya ile ya kwanza, kifua kikajaa kama gunia lililoshindiliwa, na akaona sakafu inamjia.

Shemeji alimbeba mgongoni hadi uani, akamkalisha juu ya kreti.

"Vuta hii bluu. Tena. Shemeji, usinifanyie mchezo huo, mimi nitagombezwa na nani?"

Mama Pua alivuta. Midomo yake ilikuwa na rangi ya majivu.

Daktari wa mapafu alikuwa dada mwembamba, rika la binti yake. Alimpima kwa mashine ya kupuliza, akamdondoshea matone mkononi na kuchoma kidogo kwa ncha ya sindano. Baada ya robo saa matone mawili yalikuwa yamevimba kama kuumwa na mbu: la unga wa ngano, na la ile dawa ya kwenye ndoo nyeupe ambayo waokaji huongeza ili mkate uvimbe vizuri.

"Una pumu, mama," daktari alisema. "Na imetoka mezani kwako."

"Unga nimeushika tangu ujana wangu. Mbona sasa?"

Daktari akavuta karatasi akachora bomba, na ndani ya bomba akapanga vijumba vidogo, kimoja ubavuni mwa kingine.

"Njia yako ya hewa imetandikwa seli. Zimeshikana bega kwa bega, vumbi halipenyi. Juu zina vinyweleo vinavyofagia uchafu usiku na mchana."

"Kama vigae vya bafuni."

"Hasa. Ila hivi ni vigae vilivyo hai, vinahisi. Unga na ile dawa ya ndoo vimekuwa vikimomonyoa saruji ya katikati, mwaka baada ya mwaka. Na seli ikiumia haikai kimya. Inapiga yowe."

"Inamwita nani?"

"Askari wa mwili. Na haiwaiti tu, inawaambia wawe askari wa namna gani na wamshike nani. Watu wanadhani pumu ni ukali wa askari. Askari hawajui kitu mpaka ukuta useme. Ukuta wako umewaambia miaka yote kwamba unga ni adui, na wameamini. Sasa ukiingia unga wa kujaza ukucha, wanakuja jeshi zima. Njia inavimba, misuli inabana, makamasi yanaziba kilichobaki."

Mama Pua aliitazama ile karatasi. Alikuwa mtu wa kuelewa kitu akikiona.

"Nikipumzika, vigae vipya haviwezi kuota? Vya zamani vikaenda na ukali wao?"

"Vinaota kila siku," daktari alisema, akaacha kuchora. "Lakini chini kabisa kuna seli mama, ndizo zinazozaa hizo mpya. Kwa watu walioumia muda mrefu, tunaona hata zile mama zimebadilika. Zinazaa watoto walio na hofu ileile."

"Mtoto ambaye hajawahi kuuona unga?"

"Anazaliwa anauogopa."

Akapewa pampu ya kahawia, ya kuvuta asubuhi na jioni bila kukosa. Hii haifungui kifua, daktari alimwambia, hii inanyamazisha yowe, kwa hiyo usingoje nafuu ya papo hapo. Akapewa pia kipima pumzi, bomba la plastiki lenye mshale mdogo mwekundu, na daftari. Apulize mara tatu asubuhi na mara tatu jioni, aandike namba iliyo kubwa kuliko zote. Kwa wiki sita asikanyage kiwandani.

Siku ya pili msimamizi alikuja nyumbani. Hakuwa mtu mbaya. Alikaa ukingoni mwa kiti, kofia magotini.

"Mama, nafasi yako ni yako. Lakini meza haiwezi kukaa bila mtu, unajua mwenyewe. Binti yako aishike kwa wiki hizi sita. Ukija na barua ya daktari kwamba umepona, yeye anashuka, wewe unapanda."

Binti alikuwa amekubaliwa chuo cha ufundi, kusomea upimaji wa ardhi. Masomo yangeanza baada ya wiki saba. Ilikuwa barua ya kwanza ya chuo kuingia nyumba ile, na Mama Pua alikuwa ameiweka chini ya godoro, upande wa ukutani, isipigwe na jua. Kazi hiyo ya kupima ardhi aliipenda kwa sababu moja: hufanyika nje, mtu na kipimo chake cha miguu mitatu ya chuma, uwanjani, hewa tupu. Lakini nyumba haikuwa na mguu mwingine wa kusimamia zaidi ya meza ile.

"Wiki sita tu, mama," binti alisema. "Nitakuwa nimejua hata kusokota mkate. Wapima ardhi wangapi wanajua?"

Basi Mama Pua akajua kinachotakiwa. Apone ndani ya wiki sita, la sivyo mwanawe atabaki kwenye unga.

Wiki tatu za kwanza mambo yalimnyookea. Alianza na mia mbili na kumi, akafika mia mbili na sabini, akafika mia tatu na arobaini. Mito mitatu ikawa miwili, kisha mmoja. Na asubuhi moja, akiwa anafua, alishtuka kama mtu aliyeguswa bega: alikuwa amesikia harufu ya sabuni. Akainusa tena. Akanusa kamba, akanusa ukuta wenye unyevu, akanusa mikono yake. Alicheka peke yake kule uani, povu hadi kwenye viwiko. Pua imerudi, akajiambia, na kifua nacho kiko njiani.

Hapo mia tatu na arobaini ndipo mshale ulipogoma. Daktari alikuwa ametaja mia tatu na themanini kuwa namba ya mtu aliyepona. Asubuhi mshale ulikaa palepale, na jioni ulishuka. Aliijua sababu kabla ya kukubali kuijua. Kila saa tisa alasiri binti alifungua mlango akiwa mweupe nywele, mweupe nyusi, mweupe mikunjo ya shingo, akajitupa kwenye kochi kusimulia vituko vya Shemeji, na baada ya nusu saa kifua cha mama kikaanza kupiga filimbi. Hakumwambia. Angemwambia nini, usirudi nyumbani?

Namba za jioni akaacha kuziandika kama zilivyo. Alivuta pampu ya bluu, akasubiri dakika kumi na tano akiwa ameketi na mikono mapajani, kisha akapuliza. Mia tatu na themanini. Akaandika kwa mwandiko wake wa kulala upande. Kesho yake vilevile, asubuhi na jioni. Daftari likawa safi.

Siku ya marudio daktari alifungua kurasa taratibu, akarudi nyuma, akaenda mbele.

"Mama, hapa pumzi yako imenyooka kama imepigwa rula."

"Si ndiyo kupona, daktari?"

"Pumzi ya mtu mwenye afya hupanda na kushuka. Hata yangu." Akafunga daftari. "Ulikuwa unavuta ya bluu kabla ya kupuliza."

Mama Pua aliangalia dirishani.

"Mimi si msimamizi wako, mama. Mimi ukinidanganya, nitaandika barua na kwenda nyumbani. Zile seli hazisomi barua."

"Niandikie hiyohiyo. Mwanangu ana nafasi chuoni, mlango unafungwa Ijumaa ijayo. Nitavaa kitambaa, nitasimama mbali na mashine, nitafanya utakavyo."

"Hakuna mbali kwako tena. Binti yako akirudi kazini, jioni unakuwaje?"

Mama Pua akavuta daftari lake kutoka mezani.

"Ndiyo maana siwezi," daktari alisema kwa upole, na upole wake ulikuwa mgumu kuliko ukali. "Utaishi vizuri tu, mama, lakini si karibu na unga. Hilo halitabadilika mwezi ujao wala mwaka ujao."

Alitoka bila barua. Jumanne iliyofuata alivaa kanga safi, akavuta pampu zote mbili, akaenda kwa miguu hadi kiwandani, na kufika saa tatu kasoro dakika tano. Alikuwa amepiga moyo konde. Kama hana barua, basi wataona kwa macho yao.

Gari lilikuwa limeshaegeshwa. Shemeji alimwona wa kwanza.

"Hee! Pua imetoka jela! Jamani, pigeni magoti!"

"Acha kelele zako, unga unatazamwa hautangazwi."

"Anagomba! Bosi, njoo, mashine imepona!"

Msimamizi akatoka akifuta mikono. "Barua umekuja nayo, mama?"

"Barua nitaileta. Kata lile gunia, la tatu kutoka chini, lililogusa bati."

Binti alikuwa amesimama mlangoni, aproni kiunoni.  Mpakuaji alikata uzi. Mama Pua akachota kwa vidole vitatu, akaweka kiganjani, akapuliza, akafumba macho na kuvuta.

Alikuwa amesahau. Miaka minne alikuwa ameinua kiganja kwenye hewa tupu, na sasa unga ukamjia mzima mzima: majani makavu, maziwa ya mbali, joto la mawe ya kusagia. Na chini ya hayo, kwa mbali sana, kitu kama nguo iliyofuliwa ikakunjwa kabla haijakauka. Akavuta mara ya pili ili awe na hakika. Hiyo mara ya pili haikuwa ya lazima. Aliivuta kwa sababu alikuwa ameikosa.

Akakung'uta kiganja.

"Mama, una uhakika?" msimamizi aliuliza. "Wa juu tumeutazama, mkavu."

"Kata la chini yake."

Wakalikata. Katikati ya gunia mpakuaji alitoa bonge la unga lililoshikana, kubwa kama ngumi, lenye madoa ya kijivu. Dereva alianza kulalamika na hakuna aliyemsikiliza, maana Shemeji alikuwa akicheza katikati ya ua, mikono juu.

"Kumi na mbili!" alipiga kelele. "Gari la kumi na mbili! Nani mwingine? Nani?"

Msimamizi akacheka naye, akamshika Mama Pua bega. "Jumatatu uje mezani. Barua utanipa utakapoipata. Wewe binti, mshukuru mama yako, nenda kapime mashamba ya watu."

Kwa muda wa dakika kumi hivi, Mama Pua alikuwa na kila alichokitaka. Aliona uso wa mwanawe, akaona aproni inavyofunguliwa mafundo. Akaingia ndani kuigusa meza. Akakohoa mara moja. Akasema ni mate yamempalia. Akakohoa tena, na safari hii kikohozi hakikuisha, na alipotafuta pampu ya bluu mfukoni vidole havikuikamata, ikaanguka na kuvingirika chini ya mashine. Binti aliifuata kwa magoti. Alimpulizia mara sita, mara nane, mara kumi. Pumzi iliyoingia ilikuwa kama ya kupitia tundu la sindano. Mara ya mwisho alipofumbua macho aliona mikono ya mwanawe imeushika uso wake, na mikono ile ilikuwa imejaa unga.

Alilazwa siku tano, mbili za kwanza hakuzijua. Daktari alikuja na kuketi kitandani, hakugomba. "Tumekurudisha," alisema. "Ya pili sidhani kama tutaweza."

Mlango wa chuo ulifungwa Ijumaa, yeye akiwa na barakoa ya oksijeni usoni.

Maisha yao sasa yana utaratibu, na utaratibu huo haukosewi. Binti hurudi saa tisa na kupitia uani. Huvua nguo za kazi, akazifungia kwenye mfuko, akajimwagia maji na kuosha nywele mara tatu. Mama hukaa jikoni, mlango umefungwa na kitambaa kibichi kimesukumwa chini yake. Wanaongea kupitia mbao.

"Leo gari limekuja," binti alisema mchana mmoja, wiki ya nne baada ya hospitali.

"Wamelipokea?"

"Mpakuaji alikata gunia, akasimama. Wote wakasimama. Halafu Shemeji akasema, mtoto wa Pua yupo, mnangoja nini? Nikapuliza kama unavyofanya wewe. Mama, nilisikia! Nilidhani ni porojo zenu, kumbe unga kweli una harufu. Ule ulikuwa safi. Shemeji ananiita Kipua." Alicheka, na kicheko chake kilikuwa cha mtu aliyesifiwa mbele za watu.

Mama Pua aliweka kiganja kwenye mlango. "Mwakani utaomba chuo tena. Nafasi zinatangazwa mapema."

"Tutaona, mama."

"Si tutaona. Utaomba."

"Nani atakaa pale mezani? Wewe?" Haikuwa jeuri. Lilikuwa swali tu, na lilikaa pale kati yao mpaka maji yakaanza tena kumwagika.

"Basi vaa barakoa. Hata kitambaa, mwanangu. Usiwe na uso mtupu kwenye unga."

"Hakuna anayevaa, mama. Watanicheka."

Mama Pua hakubisha. Alikuwepo siku msichana mmoja alipoanza kazi akiwa amejifunga kitambaa safi puani. Ni yeye, Mama Pua, aliyemwita Daktari wa Unga mbele ya meza nzima, ni yeye aliyemwuliza kama anauficha mkate uso kwa sababu unamdai, na watu walicheka hadi machozi. Kitambaa kilivuliwa siku ya tatu. Msichana yule alidumu miezi minane, akaondoka akikohoa, na hakuna aliyeuliza alikokwenda.

"Nywele umeosha mara ngapi?" aliuliza hatimaye.

"Mbili."

"Ongeza moja."

Alisikia ndoo ikiinuliwa. Akarudi nyuma hatua moja kutoka mlangoni, akaketi kwenye stuli, akavuta pampu ya kahawia kama alivyoagizwa, na kungoja aambiwe kwamba sasa anaweza kufungua.